Milimani Hatuachani: Vidokezo 12 vya Undugu wa Pikipiki Lushoto na Usambara

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami. Kwenye ramani ni safari fupi, lakini inakupandisha karibu mita elfu moja. Unaanza na joto la tambarare na mashamba ya mkonge, unapita Soni penye maporomoko ya maji, unaingia Lushoto ukitafuta sweta. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na kona hazikupi nafasi ya kupumua. Na hiyo ndiyo njia nzuri! Ukishaipita Lushoto kwenda Magamba, Lukozi, Rangwi, Mlalo au Mtae, utakutana na vipande virefu vya udongo mwekundu ambao kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi mtupu.

Milima hii inaishi kwa pikipiki. Kabichi na karoti zinatoka shambani kwa pikipiki hadi zinapopakiwa kwenye Fuso. Mwalimu anafika shule kwa pikipiki, muuguzi anapeleka chanjo kwa pikipiki, mgonjwa anashushwa zahanati kwa pikipiki. Kuna vitongoji gari haliingii, na kuna mabonde simu inapoteza mtandao. Ukiharibikiwa huko, wa kukutoa ni mwenzako atakayetokea nyuma yako akiwa na pampu, au kamba, au nusu lita ya petroli.

Vidokezo hivi ni vya kila anayeshika usukani Usambara: dereva wa bodaboda, mkulima mwenye pikipiki yake, na wewe unayekuja wikiendi kutoka Dar es Salaam, Arusha au Nairobi na pikipiki kubwa.

1. Salimia, lakini mkono ubaki kwenye usukani

Salamu ya barabarani ina kazi yake. Anayekusalimia amekuona, na aliyekuona hakugongi. Kwenye njia nyoofu nyoosha mkono wa kushoto. Kwenye kona au mteremko tikisa kichwa tu, inatosha. Mkono wa kulia una resi na breki ya mbele, usiuondoe kwa ajili ya mtu yeyote.

Ukifika kijiweni, zima injini, vua kofia, salimia watu. Wapo wazee pale, kwa hiyo shikamoo kwanza, habari za kazi baadaye. Dakika mbili za maongezi zitakupa taarifa ambazo huzipati popote pengine: lori gani limekwama wapi, daraja gani lina maji, mvua imenyesha upande gani tangu asubuhi. Ukitoka, nawe waachie habari za huko ulikotoka. Habari za njia ni mali ya wote, usiende nazo kimya.

2. Anayepanda apewe njia

Kwenye njia nyembamba, wewe unayeshuka ndiye wa kusimama. Mwenzako anayepanda na magunia mawili ya viazi kwenye injini ya cc 125 au 150 akilazimika kusimama katikati ya mwinuko, tairi la mbele linakuwa jepesi, klachi inaungua, na kuondoka tena ni shughuli. Wewe kusimama kunakugharimu sekunde chache.

Kabla ya kona isiyoonyesha mbele, piga honi fupi mara mbili, kisha sikiliza. Kusikiliza ndiko watu wengi wanakokusahau. Dereva mwenye spika inayopiga muziki kwa nguvu hasikii honi ya mwenzake, wala hasikii basi linalokuja limejaa upande wake. Kati ya Mombo na Soni zima muziki kabisa.

3. Ukikuta pikipiki imesimama pembeni, simama

Haijalishi ni ya nani, wala kama kijiwe chao na chenu mmegombana juzi. Simama uulize mambo matatu: Umeumia? Una mafuta? Una chaji kwenye simu? Mara nyingi jibu litakuwa, "Niko sawa mkuu, nilikuwa napumzika," nawe utaendelea na safari yako. Usichoke kuuliza kwa sababu hiyo.

Angalia unaposimama. Usiegeshe ndani ya kona. Ipite kona, tafuta mahali peupe, kisha rudi kwa miguu. Kama mko wawili, mmoja arudi nyuma hatua za kutosha, kabla ya kona, apungie wanaokuja. Nimewaona vijana wa njia ya Soni wakifanya hivyo bila kuambizana: mmoja anainama kwenye mashine, mwingine tayari yuko juu ya kona amevua koti analipunga. Hawakufundishwa darasani. Wamewaona wakubwa zao wakifanya.

Usiku ni habari nyingine, na hofu ya kuvamiwa ni ya haki. Kama hupaamini mahali, punguza mwendo, uliza ukiwa juu ya pikipiki na injini inawaka, kisha toa taarifa kwenye kijiwe cha mbele ili watu waende wawili au watatu. Hiyo nayo ni kusaidia. Kibaya ni kupita kisha ukanyamaza.

4. Beba vifaa kwa ajili ya mtu usiyemjua

Chini ya kiti au kwenye begi dogo weka pampu, viraka na gundi, spana mbili tatu, plagi ya akiba, waya wa klachi, kiungo cha cheni, kipande cha waya laini, kamba na tochi. Ongeza chupa tupu ya plastiki yenye kifuniko. Vingi kati ya hivyo hutavitumia kwenye pikipiki yako kwa miezi mingi. Vitatumika kwenye ya mwenzako.

Ile chupa tupu ina kazi kubwa. Mwenzako akiishiwa mafuta kati ya Lukozi na Mtae, zima injini yako, ngoja ekzosi ipoe kidogo, na anayevuta sigara asogee mbali. Funga koki chini ya tangi, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, elekeza ncha yake ndani ya chupa, kisha fungua koki taratibu. Petroli itashuka yenyewe, uzi mwembamba, na robo lita kwa pikipiki ndogo inatosha kumfikisha mtu kwenye duka linalouza mafuta ya chupa. Funga koki, rudisha mpira, hakikisha umekaza kibana chake. Pikipiki za kisasa zenye mfumo wa sindano ya mafuta badala ya kabureta hazifunguliwi namna hii. Kwa hizo, mmoja afuate mafuta na mwingine abaki.

Bei? Milimani mafuta ya kuokoana hayauzwi kwa bei ya kumkomoa mtu. Akikulipa uliyonunulia, pokea. Akisema atakulipa siku nyingine, mwambie amsaidie mwingine. Hesabu hiyo huwa inarudi.

Na ule mtindo wa kumsukuma mwenzako kwa mguu, unakanyaga kikanyagio chake cha nyuma huku unavuta resi, uacheni tambarare. Kwenye mteremko wa Usambara, pikipiki mbili zilizoshikana kwa mguu wa mtu mmoja haziwezi kukata kona.

5. Ondoa mawe uliyoyatumia

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hili linaua watu na tiba yake ni dakika moja.

Lori likiharibika kwenye mwinuko, utingo anashuka na jiwe, analiweka nyuma ya tairi lisirudi. Jiwe moja halitoshi, yanawekwa matatu. Kisha wanakata matawi na kuyatandaza barabarani kutahadharisha wenye magari. Yote hayo ni sahihi. Fundi anakuja, lori linapona, dereva anaondoka kwa haraka kabla halijazima tena. Mawe yanabaki palepale. Matawi yanabaki pia, na baada ya siku mbili yamekauka, yamesambaa, hakuna anayeyaona kama ishara.

Gari linaweza kulipita jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto likiwa katikati ya magurudumu. Pikipiki haiwezi. Usiku, kwenye ukungu wa Magamba, taa yako inaliona jiwe ukiwa umeshafika. Ukilikwepa kulia unakutana na anayekuja, kushoto kuna korongo.

Kwa hiyo ukiona jiwe limeachwa, simama ulisukume nje ya barabara, upande wa mlima, sio bondeni ambako kuna nyumba na mashamba ya watu. Ukiweza kufanya hivyo mbele ya abiria wako, bora zaidi, naye atajifunza. Na kama uko kijiweni na umeona lori limetengenezwa hapo karibu, mwambie utingo kwa adabu: "Kaka, tusaidie na mawe." Wengi watashuka. Wengi walikuwa wamesahau tu.

Hivyo hivyo kwa udongo unaoporomoka wakati wa mvua. Ukikuta bonge limeziba nusu ya njia, chomeka tawi bichi mbele yake pande zote mbili, na utoe taarifa kijiweni na kwa serikali ya kijiji. Barabara ya Mombo hadi Lushoto iko chini ya TANROADS, zile za vijijini ziko chini ya TARURA. Mwenyekiti wa kijiji anajua pa kupiga simu. Aliyeona kwanza ndiye mwenye jukumu la kusema.

6. Mwambie mwenzako asishuke frii

Kuna wanaozima injini au kuweka frii kutoka Lushoto hadi Mombo ili kuokoa mafuta. Mafuta yanayookolewa ni kidogo mno, na breki zinabeba uzito wote wa pikipiki, dereva, abiria na mzigo, kona baada ya kona, hadi zinachemka na kuacha kushika. Gia ya pili au ya tatu inakushikilia bila jasho.

Anayefanya hivyo mwambie. Sio kwa kumzomea mbele ya abiria wake. Mvute pembeni kijiweni, mwambie kama mdogo wako au kama kaka yako. Vivyo hivyo kwa tairi kipara, taa ya nyuma iliyoungua na cheni iliyolegea. Mwenye pikipiki haioni taa yake ya nyuma akiwa anaendesha. Wewe uliye nyuma ndiye unayeiona. Kumfuata mtu kilomita tano bila kumwambia kwamba taa yake haiwaki ni ukosefu wa upendo.

7. Kwenye matope na ukungu, nendeni pamoja

Masika ni Machi hadi Mei, vuli inafuata Oktoba hadi Desemba. Siku hizo ukifika penye tope baya, usipite peke yako halafu ukasonga mbele kwa furaha. Ngoja umuone wa nyuma yako amevuka. Abiria washuke watembee, mizigo ishushwe kama ni mikubwa. Mmoja anashika usukani akitembea pembeni ya pikipiki na gia ya kwanza, mwingine anasukuma keria. Anayesukuma asikae nyuma ya tairi moja kwa moja, atapigwa tope na kokoto usoni. Akae pembeni kidogo.

Ukungu ukishuka Magamba au Shume, mwenye taa nzuri atangulie, mwenye taa mbovu akae katikati, na wa mwisho awe mtu mzima mwenye uzoefu asiye na haraka. Taa ziwe chini. Taa kali kwenye ukungu inakurudia machoni mwenyewe.

8. Ajali: gawaneni kazi

Hapa ndipo undugu unapohitaji akili kuliko nguvu. Huruma ya haraka haraka, ile ya kumnyanyua majeruhi kwa mikono na miguu na kumkalisha katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, imewalemaza watu ambao wangepona. Shingo au uti wa mgongo uliopasuka ukikunjwa, huenda miguu isifanye kazi tena.

Wa kwanza kufika azuie magari pande zote. Wa pili azime pikipiki iliyoanguka, maana petroli inamwagika. Halafu zungumza na majeruhi. Anajibu? Anapumua? Kama anatoka damu nyingi, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia achia kuchungulia. Kofia yake iacheni kichwani isipokuwa kama inamzuia kupumua. Kuivua ni kazi ya watu wawili, mmoja akishikilia kichwa na shingo visicheze. Mfunikeni, milimani baridi inamwingia majeruhi upesi. Msimpe maji wala chakula.

Mpelekeni akiwa amelala. Gari dogo la wazi, mlango uliong'olewa, au machela ya miti miwili na blanketi, ile ambayo wazee wetu wamebebea wagonjwa kwenye njia hizi miaka na miaka, ni bora kuliko pikipiki. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Sasa mgawane. Mmoja aende na majeruhi hospitali, iwe ya wilaya pale Lushoto au ile ya Bumbuli kama mko upande huo. Mwingine aende polisi kuchukua fomu ya PF3, kwa sababu majeruhi wa ajali ataulizwa fomu hiyo, na ndugu wakifika wakiwa wamechanganyikiwa hawatajua pa kuanzia. Wa tatu abaki na pikipiki, mzigo, simu na pesa za majeruhi, na aviandike kwenye karatasi mbele ya mashahidi. Wa nne apige simu nyumbani. Aongee kwa utulivu, aseme hospitali gani, na asitaje kilo za uchungu ambazo hajazipima. "Amepata ajali, yuko na sisi, tunaelekea hospitali ya wilaya." Inatosha.

Mafunzo ya huduma ya kwanza sio anasa. Kijiwe chenye watu ishirini kikichanga, kinaweza kumwita muuguzi au mtu wa Msalaba Mwekundu awafundishe siku moja. Hakuna mchango wa maana kuliko huo.

9. Hasira isiwe ndiyo undugu wenu

Tumeona katika miji mingi ya Tanzania, dereva wa gari anamgonga bodaboda, na ndani ya dakika tano pikipiki hamsini zimezunguka gari, vioo vimevunjwa, wakati mwingine gari limechomwa. Watu wanasema ni mshikamano. Mimi sikubali. Wakati hamsini wanapiga, majeruhi amelala chini hana anayemkandamiza kidonda. Dereva anayejua atapigwa anakimbia badala ya kusimama, na gari lake lilikuwa ndilo lililo karibu la kumpeleka mwenzenu hospitali.

Wekeni utaratibu kijiweni kabla ya siku hiyo kufika: chukua namba ya gari, piga picha, mzuie dereva asiondoke lakini asiguswe, waiteni polisi. Mwenyekiti wa kijiwe awe na sauti ya kutosha kusema "hapana" na watu wakasikia. Kesi ya fidia ya bima inashinda kwa ushahidi, na gari lililochomwa limeteketeza ushahidi wenu pamoja na haki ya familia ya mwenzenu.

10. Kijiwe kiwe na daftari

Bodaboda ilipata kanuni zake za leseni ya usafirishaji 2010, na leo LATRA ndiyo inayosimamia leseni hizo. Maana yake hii ni kazi inayotambulika, na kijiwe chenu kinaweza kuwa kikundi chenye jina, viongozi, akaunti na katiba. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vya bodaboda vimepata pikipiki kwa njia hiyo, na kijana aliyekuwa anapeleka hesabu kwa bosi kila jioni akawa na chombo chake. Hayo hayaji kwa watu wasioweza kukaa pamoja.

Anzeni na mfuko mdogo. Kila mmoja achange kidogo kila siku anapofunga kazi, mtunza fedha aandike, na daftari lisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Mfuko ulipe matibabu kwanza, kisha msiba, kisha faini. Anayeumwa na ana deni la mchango asaidiwe pia. Deni litazungumzwa akipona.

Heshimuni zamu. Kijana mgeni aliyeshuka kutoka Mlola kutafuta maisha asifukuzwe kama mwizi. Aulizwe leseni, aelezwe utaratibu, apewe nafasi yake mwishoni mwa foleni. Deiwaka, yule anayeshikiziwa pikipiki ya mwingine kwa siku, naye ni mtu, anaumia kama mwenye pikipiki anavyoumia.

Na mkiona mwenzenu amelewa au hajalala siku mbili, chukueni ufunguo. Atagomba, atawatukana, kesho atawashukuru au hatawashukuru. Chukueni tu.

11. Kofia ya pili ni ya abiria

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hizo ni namba za anayeivaa na kuifunga mkanda, sio anayeitundika kwenye kioo. Kampala, kampuni ya SafeBoda iliyoanza katikati ya muongo uliopita ilijijengea jina kwa jambo hili dogo: dereva anakuja na kofia mbili. Lushoto tunaweza bila kampuni yoyote. Abiria analalamika harufu? Nunua kofia za kitambaa za kuvaa ndani, zinafuliwa.

Upole wako usiishie kwa wenye pikipiki. Akina mama wanaopanda kutoka gulioni na ndoo kichwani hawana pa kukimbilia. Punguza mwendo ili usiwarushie vumbi na maji ya dimbwi. Watoto wa shule wakivuka, simama kabisa. Na mama mjamzito akipatwa na dharura, au kichanga chake, piga 115, namba ya bure ya huduma ya m-mama, upate gari kabla hujawaza kumbeba juu ya pikipiki. Ibandikeni namba hiyo kijiweni.

12. Kwa wageni wa pikipiki kubwa

Karibuni sana. Njia ya Magamba hadi Mtae, ukafika ukingoni na kuitazama tambarare ya Mkomazi chini yako, ni miongoni mwa safari nzuri kabisa nchini. Njooni kwa adabu. Msishindane na bodaboda wenye abiria. Mna injini mara tano ya zao na hamjui kona moja. Kijana wa hapo akiwakubalia kuwaongoza, mlipeni siku nzima kama mnavyomlipa mwongoza watalii, na mumnunulie chai. Nunueni pea, plamu na pichi kwa mama wa pembeni mwa barabara, msimu ukiwapo. Tembeeni kwa kundi lenye mtu wa mwisho anayejulikana, na kwenye kila njia panda mtu asubiri mpaka amwone wa nyuma yake.

Begi zenu zina vifaa vya huduma ya kwanza ambavyo zahanati nyingine ingevitamani. Mkikuta ajali, hata isiyo yenu, simameni mvifungue.

Jambo la mwisho ni kwa kila msomaji, mwenyeji na mgeni. Kabla hujalala leo, andika kwenye karatasi jina lako, kundi la damu kama unalijua, dawa au ugonjwa unaopaswa kujulikana, na namba mbili za simu za watu wa nyumbani. Ifunge kwenye nailoni, ibandike ndani ya kofia yako, na uwaambie wenzako kijiweni iko wapi. Siku simu yako itakapokuwa imevunjika au imefungwa kwa namba ya siri, atakayekuokota ataihitaji karatasi hiyo.